Namba Kubwa Ziligeuka Hasi

Jumatatu, 8 Septemba
Bado programu ya kugawa meza za soko la Mutakura. Meza arobaini, wanaozitaka mia tatu. Namba ya kitambulisho inapigwa hashi, yaani kompyuta inaivuruga iwe herufi na tarakimu zisizobashirika, hashi inageuzwa namba nzima, wenye namba kubwa ndio wanapata. Sheria imebandikwa ukutani, watu wasiseme kujuana. Mi naandika sehemu ya kugeuza, kwa Java, lugha ya kompyuta. Espérance, mwenzangu wa ofisini, kaniuliza kama nimejaribu hashi zinazoanza na f, zile kubwa kabisa. Anajifanya profesa. Nimemwambia afunge mudomo.

Jumatano, 10 Septemba
Orodha imetoka. Maman wangu kapata meza! Miaka yote anatembeza vitenge begani. Alilia. Mama yake Espérance, muuza ndagala, visamaki vya ziwani, kakosa. Sikumhurumia.

Alhamisi, 11 Septemba
Astaghfirullah. Nimekosea. Nilizibana hashi ndani ya int, nafasi ndogo ya namba kwenye Java. Namba kubwa hazikuenea, zikageuka hasi, zikaanguka chini ya sifuri. Waliostahili ndio waliokosa, wote arobaini. Mama Espérance alikuwa na namba kubwa kuliko wote. Ya Maman ilikuwa ya katikati tu. Nikisema, meza inarudi.
Sisemi.

Ijumaa, 12 Septemba
Espérance kaliona kosa. Kaja kwangu kwanza, mjinga huyu. "Zuhura, dada, tutengeneze pamoja, kisha we mwenyewe umwambie patron wa ofisi." Nimemwambia angoje Jumatatu. Kwetu kila faili ina jina la mwandishi juu. Nimefuta langu, nimeweka lake.

Jumatatu, 15 Septemba
Niliwahi kufika kabla ya Espérance. Nikamwonyesha patron kosa, na jina. Namjua: anaogopa aibu kuliko Mungu. Kasema orodha haiguswi, watu wa soko wasijue kitu. Espérance kafukuzwa kabla ya saa nne.
"We Zuhura, mi nilikukosea nini?"
Nilijisikia vizuri. Naandika ukweli, hapa hakuna wa kunisikia.

Jumamosi, 20 Septemba
Nimepita sokoni. Meza ya Maman imejaa vitenge, mwenyewe anacheka na kila mutu. Mbele yake, chini, kakaa Mama Espérance na beseni la ndagala. Hanijui kwa sura. Maman kaniomba nimwambie asogee, anazibia wateja njia.
Nimemwambia.
"Unisamehe, mutoto wangu," kasema. Kabeba beseni, kasogea mpaka kwenye mtaro.