Chandarua Kwenye Kitanda cha Baba

Ilembo, Mpanda
20 Oktoba 1996

Kwako mwanangu Kabula,

Pokea salamu za nyumbani, ni nyingi kuliko karatasi hii. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto linalolalamika kila ninapoinuka. Mama yako mzima, ng'ombe wazima, mvua bado na vumbi tunalila kama mboga. Hofu yetu ni wewe na hiyo baridi ya Uingereza. Je, ugali unapata?

Baada ya salamu nina swali, na unijibu kama mtu anayemjibu baba yake, si kama anayejibu mtihani. Unasema kazi yako huko ni kukusanya tafiti za watu wengine na kuzisoma. Humchomi mtu sindano, hupimi damu, unasoma tu yale ambayo wenzako wamekwisha kuyapima. Mwanangu, hiyo si ndiyo ile kutazamia kwa jirani ambayo mwalimu alikuchapia darasa la nne?

Naandika kwa kucheka, lakini nina shida. Mnadani nimekwisha kujisifu. Nimesema mimi Malale, niliyetoka Kwimba nikaswaga ng'ombe hadi tukavuka pori la Inyonga kwa miguu, leo binti yangu ni daktari Ulaya. Juzi Ambrosi, yule mchuuzi wa ngozi mwenye mdomo, akaniuliza mbele za watu, "Mzee Malale, huyo daktari wako ametibu wangapi?" Nikakohoa. Nitafutie jibu la kumpa Ambrosi.

Maduhu wa kaka yako Kashinje anasimama dede sasa. Wale wawili waliomtangulia homa iliwachukua kabla hawajatamka neno, ndiyo maana huyu tulimpa jina la kumshusha, ili mauti yamwone si kitu yapite. Lakini mama yake Nyanzala bado anamtazama kama mtu aliyeazima kitu cha watu.

Ni mimi baba yako,
Malale


Uingereza
1 Desemba 1996

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa sakafu ya huku ni barafu. Mimi sijambo. Ugali sipati, napata viazi, na viazi, na viazi tena.

Umenichekesha hadi mwenzangu wa chumbani akadhani nalia. Baba, kazi yangu wewe unaijua kuliko mtu yeyote, maana nilijifunza kwako. Unakumbuka ulipokuwa mzee wa baraza, kesi ya Antoni aliyedaiwa kuiba fahali? Mashahidi wote waliokuja walisema ni yeye. Watu wakataka umtoze faini jioni ile ile. Ukakataa. Ukasema hawa waliokuja wote ni ndugu wa mwenye fahali, na kuna warina asali wa Inyonga waliokuwa porini siku hiyo, hawajaitwa. Watu walikunung'unikia mpaka warina asali walipofika, ikajulikana fahali alijipotelea mwenyewe.

Basi hilo ndilo baraza langu. Shauri lililo mbele yetu ni hili: chandarua kilichotiwa dawa ya kuua mbu kinaokoa watoto, au ni maneno tu? Kijiji kimoja kikisema kinaokoa, huyo ni shahidi mmoja. Tunawaita wote, kuanzia Gambia mpaka Kenya. Tunauliza nani alipima sawasawa na nani alikisia. Halafu tunawatafuta walionyamaza, kwa sababu mtu akipima akaona hakuna faida, mara nyingi haandiki popote. Wenzangu walishangaa nilivyong'ang'ania hao walionyamaza. Nikawaambia nimetoka kwenye nyumba ya mzee Malale.

Hukumu bado, lakini mashahidi wa mwanzo wanasema vizuri, na mimi sikutaka kusubiri. Rafiki yangu Theopista aliyeko Dar atakutumia chandarua kwa treni. Kimekwisha kutiwa dawa. Kitundike kabla masika hayajakolea.

Binti yako,
Kabula


Ilembo, Mpanda
9 Machi 1997

Mwanangu Kabula,

Salamu nyingi. Sisi wazima, goti limetulia, mahindi yamesimama vizuri. Mama yako anauliza hivyo viazi havina mwisho?

Mzigo umefika! Nilikwenda stesheni mwenyewe, nikaufungulia pale pale ili watu waone. Cheupe, chepesi, kina harufu ya dawa kama ng'ombe aliyetoka joshoni. Nimekitundika juu ya kitanda changu. Kitu cha kwanza kutoka mkononi mwa mwana ni cha baba yake, na mimi sikuchelewesha. Nalala kama bwana harusi. Mbu wananiimbia kwa nje, nami nawajibu kwa kukoroma. Kila mgeni anayefika namwonyesha chumba, hata Ambrosi nimemwonyesha.

Maduhu homa imemshika tena na tena tangu mvua zianze, lakini anainuka. Analala na mama yake jikoni juu ya ngozi, moshi unawasaidia.

Umenipa heshima kubwa, ng'wanone, mwanangu.

Baba yako,
Malale


Uingereza
13 Aprili 1997

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, natumaini nanyi wazima, na goti liendelee kutulia.

Barua hii nimeiandika na kuichana, nikaiandika tena. Nisamehe kama neno lolote litakosa adabu.

Baba, ulipokuwa unapeleka ng'ombe joshoni kule Kwimba, ulinifundisha kwamba kupe akileta homa ya ndigana, fahali mkubwa anaweza kutetereka akasimama, lakini ndama anakufa. Kwa hiyo hukukubali ndama abaki zizini siku ya josho, hata awe dhaifu wa kubebwa. Malaria ni hivyo hivyo. Wewe imekushika tangu utotoni, mwili wako umekwisha kuizoea. Ikija kwako inakulaza, unaamka. Maduhu bado ni ndama.

Moshi hautoshi. Nimesoma habari za watoto wengi mno waliolala kwenye moshi. Kila ninapofungua faili jipya namwona Nyanzala amekaa pale jikoni.

Sisemi hukustahili zawadi. Unastahili kubwa zaidi. Ila nakuomba, Baba, nikiwa chini miguuni pako, chandarua hicho akilalie mtoto.

Kabula wako


Uingereza
30 Agosti 1997

Baba,

Shikamoo. Je, hamjambo? Je, Maduhu hajambo?

Tangu Aprili sijaona mwandiko wako. Kama nimekukosea heshima, nitume kwa wazee niadhibiwe, lakini usininyamazie. Nilikwambia kazi yangu ni kuwatafuta wanaonyamaza, sasa hata wewe nakutafuta.

Kabula


Uingereza
18 Januari 1998

Baba yangu na Mama yangu,

Shikamooni. Theopista amenipigia simu. Anasema mvua za mwaka huu hazijawahi kuonekana, reli ya Mpanda imekatika, na watoto wanaugua kila mahali. Hajui lolote kuhusu nyie.

Naomba yeyote anayefika Tabora apewe hata karatasi ndogo. Niambieni tu kama Maduhu yupo.

Kabula


Ilembo, Mpanda
24 Mei 1998

Mwanangu Kabula,

Pokea salamu, na upokee kwanza hili kabla ya salamu nyingine: Maduhu yupo. Hivi ninavyoandika amenivuta karatasi, hiyo alama ya tope pembeni ni kidole chake. Barua zako mbili za mwisho nimezipokea kwa pamoja wiki hii, ile ya Agosti ilikwama Tabora; ile ya ndama ilifika mwaka jana.

Unauliza kama nilikasirika. Nilikasirika, kidogo. Kisha nikaenda zizini, nikasimama, nikaona umesema kweli. Sasa kwa nini nilinyamaza? Wewe umesoma hadi umesahau kwenu? Chandarua kilikwisha kulala juu ya kitanda changu. Mkamwana atajifunikaje kitu cha kitanda cha baba mkwe? Mimi jikoni kwa Nyanzala sifiki hata mlangoni, yeye akiniona njiani anapita pembeni. Ningempelekea kitu kile, angefunga nguo zake akarudi kwao kwa aibu, na Kashinje asingenisamehe. Nikazunguka maduka yote ya Mpanda nitafute kingine, wakaniuzia neti ya kuvulia dagaa. Nikabaki najua lililo sawa na sina njia ya kulitenda. Hilo ningekuandikiaje?

Mwezi wa sita mwaka jana degedege likamshika Maduhu. Macho yaligeuka meupe. Wazee wakasema asipelekwe hospitali, sindano inaua mtoto wa degedege. Miaka ya nyuma, kwa wale wawili, na mimi nilisema hivyo hivyo. Safari hii nilisema binti yangu anasikiliza mashahidi wa dunia nzima na hajaniambia sindano inaua. Kashinje akapanda baiskeli, mimi nikapakiwa nyuma na mtoto kifuani. Nilimwimbia nyimbo za kulimia njia nzima, sikuwa na nyingine.

Alipopona, nikiwa nimekaa pale wodini, ndipo akili ikanijia. Mkamwana ana mwiko na mimi. Mjukuu hana! Mjukuu ni mtani wangu, ni mwenzangu, na ameshaachishwa ziwa. Nani atasema mtoto wa namna hiyo asilale kwa babu yake? Ni mila yetu tangu zamani. Tukarudi nyumbani nikatangaza: Maduhu anahamia kwangu. Mama yako alicheka hadi akakaa chini. Chandarua sikukitoa, nilimwingiza mtoto ndani.

Tangu hapo sina usingizi wa heshima. Ananipiga mateke mbavuni, ananikojolea, asubuhi ananivuta ndevu. Ambrosi akanikejeli, "Bwana harusi amepata mwenza." Nikamwambia ndiyo, tena ananipiga.

Sikutaka kukuandikia mpaka nione masika moja yakipita. Mtu hatoi ushahidi wa jambo ambalo hajaliona. Ndipo ikaja hiyo mvua. Watoto wameugua Ilembo, wameugua Shanwe, na wengine tumewazika, mwanangu, hata mtoto wa Antoni. Maduhu alipata homa moja, ikapita. Najua utasema huyo ni shahidi mmoja. Ndiyo, ni mmoja. Lakini nimelala naye kitanda kimoja, kwa hiyo mimi namwamini.

Nyanzala ni mjamzito. Treni ilipoanza tena niliuza fahali mweupe, na Theopista ametuletea vyandarua na dawa yake. Watu walitaka kuvichovya kwenye dawa ya josho. Nikakataa, nikasema ya ng'ombe ni ya ng'ombe. Cha Nyanzala mama yako amekitoa kwenye furushi mwenyewe na kukipeleka. Mimi nilisimama mbali na mikono mgongoni, watu wote wakiona kwamba sikukigusa.

Usipige magoti tena kwenye hiyo barafu. Utapata goti kama langu.

Baba yako,
Malale


Uingereza
8 Novemba 1998

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya mwaka mzima. Barua yako niliisoma njiani nikapitiliza kituo changu. Nililia mbele ya wazungu, wakanipa nafasi ya kukaa.

Baraza limekwisha. Mashahidi wote wamesikilizwa. Mmoja wa walionyamaza tulimpata mwishoni kabisa, alikuwa ameweka matokeo yake kwenye kabati kwa sababu hayakuwa mazuri. Tukayaingiza pia, kama wewe ulivyowaleta warina asali. Niliogopa, nikidhani yatavunja yote. Hayakuvunja. Hukumu ni hii: palipo na chandarua chenye dawa, kati ya watoto watano ambao wangekufa, karibu mmoja anaishi.

Mmoja, Baba. Unaweza kuona ni kidogo. Lakini hesabu hiyo uitandaze kutoka Ilembo hadi mwisho wa Afrika.

Nakutumia kitabu chenyewe. Ni Kiingereza kitupu, lakini fungua ukurasa wa kwanza. Majina yamepangwa, langu ni la mwisho, mimi ndiye mdogo. Huku wanatanguliza jina la baba, la mtoto wanalikata. Kwa hiyo Kabula amebaki herufi moja tu, na Malale amebaki mzima.

Binti yako,
Kabula


Ilembo, Mpanda
17 Januari 1999

Mwanangu Kabula,

Salamu nyingi za mwaka mpya. Sisi sote wazima, goti nimelisamehe.

Kitabu kimefika. Nimeliona jina, nimelipitishia kidole. Hili jina nilijifunza kuliandika nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, darasa la ngumbaru, kwa kijiti cha mkaa. Mwalimu alisema litanisaidia kusaini risiti ya pamba. Sikujua lingefika huko. Najivunia wewe, mwanangu, nasema wazi na nimeandika kwa wino. Sijisifu tena kwa kukohoa.

Nilikwenda nacho mnadani. Ambrosi yule yule akaniuliza, "Haya, mzee, sasa tuambie, ametibu wangapi?" Watu wakasogea. Nikamwambia, "Sijui. Na wao hawajui. Aliyetibiwa anajua aliugua, lakini hawa hawakuugua. Wamelala tu, wakaamka, wakadai uji. Huwezi kuwahesabu na hawatakuja kumshukuru." Ambrosi akanivuta pembeni. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini dawa ya kuchovya inapatikana wapi, ana mjukuu.

Nyanzala amejifungua salama, mtoto wa kike, mvua ikipiga bati hadi hatukusikia alivyolia. Alizaliwa saa nne asubuhi, na kabla ya jua kuzama alikuwa chini ya chandarua chake. Kuhusu jina, mama yake alikataa jina la kumshusha. Alisema, kwa kupitia kwa mama yako, kwamba huyu mauti yamtazame tu, hamfichi.

Tumemwita Kabula. Majirani wanasema ni kwa sababu amezaliwa wakati wa mvua, kama jina lenyewe linavyosema kwetu, na mimi nimewaacha waseme hivyo.

Baba yenu, wewe na yeye,
Malale