Maji Uliyotia Kwenye Rejeta

Baba Scola,

Ugali uko kwenye hotipoti, maharage kwenye sufuria ndogo. Mbuzi hajanywa maji.

Pikapu imechemka tena asubuhi, hata kilima cha shule sijakimaliza. Nimerudi kwa miguu. Fundi anakuja kuivuta, naenda naye.

Wiki nzima unawatangazia majirani kwamba naua gari kwa kukanyaga mafuta. Haya, nimekagua. Mkanda wa feni mzima, pampu haivuji. Injini ilipopoa nikafungua mfuniko wa rejeta, nikakuta ukoko mweupe. Nikaonja. Chumvi! Kumbe unaongezea maji ya dumu la njano, yale niliyoyatoa kwenye chemchemi za chumvi za Ivuna na kuyachuja ili niyachemshe nipate chumvi ya kuuza. Na bomba liko hatua kumi kutoka kwenye kiti chako! Wewe, mzaliwa wa Ivuna, uliyelelewa na chumvi, hujui hata harufu yake.

~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi gari likipona. Majirani wako uwasimulie na hili.

Maharage sikuyatia chumvi. Ukiihitaji, nimekukwangulia ile ya rejeta. Iko kwenye kisosi hapo mbele yako.

Mama Scola, muua gari