Mzizi wa Mtunguja

Tanga, Jumatano, Machi 1913. Mwaka wa kumi na sita tangu nitoke Ugogo. Mvua bado, na jasho linalowesha karatasi.

Asubuhi wafungwa wamefyeka kichaka cha mtunguja nyuma ya ofisi ninakonakili barua, wakakitia moto, miiba na matunda yake ya manjano. Moshi ule umenifikia mezani. Kazi imenishinda.

Naandika nisilowahi kumwambia mtu.

Binti yangu Nyemo alikuwa na miaka miwili. Tumbo lilimwendesha siku nne, hata kulia akashindwa. Mjomba wangu Malogo, mganga wetu karibu na Buigiri, akanichukua porini. Kwetu mzizi wa mtunguja huchimbwa na mganga pamoja na baba wa mgonjwa, na tangu jembe liguse udongo hadi mzizi uingie kwenye maji yanayochemka, hakuna anayefungua kinywa. Ukisema neno, dawa imekufa.

Mjomba alikata mzizi wa mashariki na wa magharibi, akaacha wa katikati ili mti uishi, akafukia shimo.

Njiani tukakutana na askari wawili wanaosaka wapagazi.

"Wewe mzee, wanaume wenu wamejificha wapi?"

Mjomba hakujua Kiswahili. Mimi nilikijua, nilifundishwa na wamisionari.

"Mabubu wawili njia moja," askari wa pili akacheka. "Ngoja tuwafundishe kusema."

Walianza na kiboko. Mjomba aliubana mzizi kwapani. Kitako cha bunduki kikamvunja taya, kisha mbavu, nilizisikia zikikatika. Akanitazama kwa jicho lililobaki wazi. Hadi leo sijui aliniomba nini.

Neno moja lingetosha. Dawa.

Sikulisema.

Walimpiga mateke mpaka damu ikamtoka masikioni na miguu ikatulia. Mimi walinivunja mkono, na kwa kuwa mpagazi wa mkono mmoja hawafai, wakaenda zao. Niliuchomoa mzizi kwapani mwa maiti, nikatembea hadi nyumbani kimya.

Nyemo alikunywa. Siku ya tatu akaomba uji.

Mke wa mjomba alimwosha mumewe, akamfunga taya kwa kitambaa. Kisha akaniuliza polepole, "Mwanangu, si wewe unayejua Kiswahili? Maji yameshachemka. Sema sasa."

Niliondoka kabla ya mavuno.

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na sijui kama mzizi unajali ukimya wa mtu. Ila hili nalijua: baada ya pigo la kwanza sikumkumbuka mtoto wala dawa. Niliogopa tu. Mwiko ulinipa mahali pa kujificha.

Jana mpagazi kutoka bara aliniletea salamu za Nyemo. Amejifungua mtoto wa kiume, amemwita Malogo, anataka nikamshike. Anasema bibi, mjane wa mjomba, yu hai, na ndiye anayembeba mtoto mchana kutwa.

Sitarudi.