Mzio wa Careen

Jumanne, 2 Septemba 2025

Nimerudishwa tena! Mara ya tatu. Nesi wa zahanati kasoma kadi ya Careen — "mzio wa mayai", mwandiko wangu mwenyewe — akafunga boksi la chanjo. Eti sindano ya surua ina yai, mtoto atamfia mkononi. Darasani kwangu wawili wana surua! Mwanangu ana mwaka na miezi miwili, hana kinga. Nimemwambia sikubali. Akaita mwingine.

Jumatano, 3 Septemba

Mama mkwe kauliza, mzio huo kapewa na mganga gani? Nikasema hakupewa, ni mwili wake. Alipoonja yai alivimba midomo, pumzi ikambana. Akaguna. Kwao mganga akikupa dawa anakupa na mzio, usile hiki wala kile. Dawa ikikamilika, mzio unafunguliwa. Nimeeleza mpaka koo limekauka. "Haya, mwalimu." Hiyo haya yake naijua!

Ijumaa, 5 Septemba

Erasto anasema tusubiri. Tusubiri nini — vipele? Mume wangu, kwa hili hunipati. Jumatatu naenda hospitali ya Ndanda. Mama yake kang'ang'ania kutusindikiza.

Jumatatu, 8 Septemba

Nilijiandaa kugombana, nimekosa wa kugombana naye! Daktari Justina kasema chanjo hii hukuzwa kwenye seli za kifaranga, yai ndani yake ni kama hakuna. Wenye mzio wa mayai wanachanjwa kila siku. Ya homa ya manjano ndiyo ya kuuliza kwanza. Careen kadungwa saa nne na robo. Tukae nusu saa, utaratibu wao.

Saa nne na dakika hamsini. Ametulia, anacheka. Nimeshinda! Namwachia bibi yake hapa benchini, naenda dirishani kuchukua kadi.

Saa tano na nusu. Naandika nimesimama, wamenitoa chumbani. Nilirudi na kadi, benchi tupu. Getini — mama mkwe na muuza mayai ya kuchemsha. Kiini kwenye kidevu cha Careen! "Dawa keshapata, Mama Careen, nimemfungulia mzio." Kafurahi kweli, jamani. Nilimnyakua nikakimbia napiga kelele, yai, kala yai! Mdomo ulishaanza kujaa. Wamemchoma dawa, anapumua, namsikia analia. Lia, mama, lia!

Erasto kapiga simu. Mama yake kawahi kumwambia ni chanjo. Chanjo! Wakiamini hivyo, kijijini hadungwi mtoto tena.

Nesi katoka na faili. Aandike nini, chanjo au yai? Nimesema yai. Mama mkwe kasema hajui. "Mama, sema ulichomlisha." Nesi anasubiri na kalamu. Siondoki hapa mlangoni. Mama anakunjakunja ncha ya kitenge chake.