Kikaratasi cha Kila Kitambaa

Cheyo, Tabora

Mume wangu mdogo Idrisa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima, na shangazi yako amesharudi Ziba kwa ng'ombe wake.

Unaniuliza kama niliwahi kutengeneza kimoja nikaharibu kingine, maana agizo la kompaila, hicho kinachogeuza maandishi yako kuwa programu, uliloliweka mahali panapohusu programu zote ili ile ya simu ikubali, limeiangusha ile ya kompyuta.

Niliwahi. Nilipokuwa najifunza ushonaji kwa baba, nilikaza uzi wa cherehani kwa ajili ya suruali za kaki. Sikuulegeza, nikapitisha hariri ya harusi ya dada yangu, ikakunjamana yote. Nililia. Baba alifumua mshono polepole, kisha akasema, "Mafuta ni ya cherehani. Mkazo ni wa kitambaa." Tangu hapo kila kitambaa alikibania kikaratasi chenye mkazo wake.

Dada aliolewa gauni likiwa na matundu ya sindano ubavuni, na aliyeyaona ni mimi tu.

Kanzu zenu za Idi nazikata wiki hii. Nimetazama picha uliyotuma, na kwenye kitambaa chako nimebania kikaratasi: "Idrisa. Mabega yamepanuka."

Bibi yako