Kompyuta Namba Moja, Chini ya Khanga ya Mama

Kaka Athumani,

Shikamoo. Sijui huko uliko mnaitikiaje, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia, hata kama nimekasirika. Na nimekasirika kweli. Wiki nne nzima nimemkasirikia mtu nisiyemjua, kumbe ni wewe.

Mama hajambo. Mpwa wako Shadia ameota meno mawili ya chini na ameanza kutambaa, na huko kutambaa kwake kumo ndani ya habari hii, kwa hiyo subiri. Kaburi lako kule Chiwata wamelisafisha vizuri, baba mdogo alisimamia. Hapa Newala ukungu wa asubuhi umeshaanza, mtoto namvalisha kofia mbili. Dukani tulifungua siku ya nane. Mimi nilitaka tukae kidogo, baba mdogo akasema watu wa chama cha msingi wana fomu zao za salfa ya kupulizia, ziskaniwe zitumwe, mikorosho haisubiri machozi yangu yakauke. Ndivyo alivyosema, hivyo hivyo.

Basi ngoja nikueleze ulivyonitesa.

Unaijua fotokopi yetu, ile kuukuu uliyoifuata mwenyewe Masasi. Skana yake inajua kutuma mafaili kwa njia ya zamani tu, hizi mpya haizijui. Na kile kipengele cha kupokea kwa njia ya zamani ulikiwasha kwenye kompyuta yako peke yake, namba moja. Hizi nyingine tano ukakizima. Ulipokuwa hai haikuwa shida: mimi naweka karatasi, wewe unapokea, tunamaliza. Lakini ulipoondoka Mama alikuja dukani, akavua khanga ya mabegani, akaifunika namba moja pamoja na miwani yako uliyoiacha juu ya kibodi. Akasema, "Kitu cha marehemu hakiguswi mpaka arobaini ipite. Hakizimwi, hakihamishwi." Nikasema ndiyo, Mama. Siku ile nani angebisha?

Kwa hiyo nikaenda kwenye namba tatu, ninayokaa mimi. Nikafungua ile orodha ya vipengele vya mfumo, yenye vijisanduku vya tiki. Nikakitafuta kile cha njia ya zamani, nikakitia tiki, nikazima, nikawasha. Skana ikakubali! Nikaskani fomu kumi na moja huku naimba. Ya kumi na mbili, kompyuta ikajizima yenyewe, ikajiwasha yenyewe. Kuangalia, tiki haipo.

Nikaitia tena. Ikatoka tena. Nikahamia namba nne, ikafanya vilevile. Namba tano, vilevile. Ikawa ndiyo maisha yangu, kaka: asubuhi natia tiki, mtoto analia, naskani mbiombio kama mtu anayeiba, nusu saa haijafika inazima. Siku moja ilizima katikati ya barua ya maombi ya kazi ya binti mmoja wa Tandahimba, ambaye alikuwa hajaihifadhi. Alinitazama, nami nikamtazama. Nikamrudishia pesa yake.

Katibu wa chama cha msingi, yule mzee aliyekuwa anakuita Injinia, alikaa kwenye benchi na rundo lake la fomu akanicheka. "Mama Shadia, Injinia tulishamuaga sote, mbona yeye bado anaripoti kazini?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikaenda uani nikalia.

Mama alipopata habari hakucheka. Alileta watu wakasoma dua hapo hapo dukani, ubani ukafukizwa mpaka Shadia akakohoa. Wanafika kwenye Amin, namba tatu hiyo, pyuu, imezima. Mzee mmoja alitoka bila hata kuvaa viatu vyake vizuri.

Basi baba mdogo akaja na yake. Akasimama mlangoni, hata kuingia hakuingia. "Ijumaa mchana fomu zote ziwe zimekwenda. Zisipokwenda, Jumamosi namleta fundi kutoka Masasi, anafuta kompyuta zote sita anaanza upya, na duka atakaa yeye. Wewe utarudi nyumbani ulee mtoto. Kidato cha nne na kozi ya miezi mitatu ya kubonyeza kibodi havimfanyi mtu kuwa fundi." Ilikuwa Jumatatu. Mimi nilikuwa nanyonyesha, nikamhamishia mtoto titi la pili.

Jumatano ndiyo siku ya Shadia. Asubuhi nikatia tiki kwenye namba tatu kama kawaida, nikaanza kukimbizana na karatasi. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Mchana ukafika, skana inaendelea tu. Fomu za kijiji cha Chiungutwa zote zikaisha. Nikaogopa hata kukohoa. Jioni nafagia nifunge, namkuta mpwa wako chini ya meza yako, ndani ya khanga ya Mama, waya wa buluu wa netiweki uko mdomoni mwake anautafuna. Alikuwa ameuchomoa kwenye namba moja, sijui tangu saa ngapi.

Nikamnyang'anya, nikaurudisha mahali pake, maana hakiguswi, hakihamishwi. Sijafunga hata dirisha, namba tatu ikazima ikawaka. Tiki hakuna.

Nikakaa sakafuni, kaka. Hapo ndipo niliposikia sauti yako kabisa, ile ya kunifundisha na muhogo mdomoni: "Usiende kompyuta moja moja kama mtu anayemwagilia bustani. Andika kwenye faili unataka ziweje, namba moja itahakikisha ziko hivyo." Nilikuwa naitikia tu ili tumalize. Ulikuwa umekaa pale chini ya khanga siku zote hizo, unazikagua kompyuta zako, ukikuta nimebadilisha kitu unakirudisha. Tulikuacha uwake kwa heshima, na heshima yetu ndiyo iliyokuwa inanizimia tiki. Hata umeme ulipokatika, uliporudi tu nawe ulijiwasha mwenyewe.

Ningeweza kuuacha ule waya nje, Ijumaa ipite. Lakini ingekuwa kukuziba mdomo bila kukusikiliza, na kwa hilo sikulelewa.

Alhamisi alfajiri nikamwendea Mama. Nikamwambia, "Mama, naomba ruhusa yako ya kufunua khanga. Arobaini haijafika, najua. Lakini Athumani hapumziki. Anafanya kazi." Nikamweleza waya, nikamweleza faili, sidhani kama alishika yote. Halafu akasema, "Nnungu! Mungu wangu! Hata hapo hamkumwacha alale?" Akacheka, akafuta macho, akavaa. Alikuja dukani kwa miguu yake akaifunua mwenyewe, akaikunja khanga, akaivaa tena mabegani. "Mwambie kwa upole," akasema.

Nywila yako naijua, ulikuwa unaniamuru niiandike mikono yako ikiwa na wino. Nikalifungua faili.

Kaka, mbona hukuniambia kwamba uliandika mambo yote yale? Ile mistari yenye alama ya reli, #, mwanzoni, ambayo kompyuta haiisomi, iliyowekwa kwa ajili ya binadamu. Kila ulichozima umeandika kwa nini. "Michezo yote: zima. Mama Shadia anasema ni mara moja tu, mteja anamsubiri mpaka anasinzia." Uongo huo. "Ijumaa saa sita na nusu namba mbili mpaka sita zijizime. Hii ni kwa ajili yangu, nikikaa mbele ya mashine sisikii adhana." Na mimi miaka yote nilidhani unazizima kwa mkono, na Ijumaa hizi za msiba nilidhani ni balaa lile lile la tiki.

Nikafika kwenye njia ya zamani. Umeandika: "Zima namba mbili mpaka sita. Virusi vilipita humu siku ile ya mitihani, vilitoka namba tatu, kwenye flashi ya nyimbo za Mama Shadia. Asiambiwe. Ni mjamzito, asije akajilaumu."

Nilisoma mara tatu. Siku ile naikumbuka. Mitihani ya walimu ilipotea yote, walimu wamejaa dukani wanafoka, ukasimama mbele yao ukasema kosa ni lako, ulizembea. Na mimi, na tumbo langu, nikakusuta mbele za watu: "Uwe unaangalia basi, kaka!" Ukasema, "Kweli, mdogo wangu." Ukasema hivyo tu.

Nisamehe. Lakini hasira yangu haijaisha yote, nakwambia ukweli. Ungeniambia. Mimba si ugonjwa wa akili. Ningelia siku moja, ningejifunza, na nisingeteseka wiki nne nikipigana na ulinzi nisiojua sababu yake.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chako na Shadia mapajani, akaniuliza umesema nini. Nikamwambia, anasema nichague vizuri.

Sikuzifungua zote. Baba mdogo angetaka ziwashwe zote sita tumalize, na virusi vingerudi kwa mlango ule ule. Niliwasha kwenye namba tatu peke yake, na papo hapo nikaiandikia namba tatu isikubali flashi yoyote, ya nyimbo au ya nani. Nafasi moja ukiikosea faili zima linagoma. Liligoma mara mbili. Ya tatu likapita. Nikangoja nusu saa, nikangoja saa nzima. Tiki imekaa. Hakuna aliyeitoa, kwa sababu sasa tunataka kitu kimoja, mimi na wewe.

Fomu ya mwisho ilikwenda leo Ijumaa, saa sita na robo. Katibu alinipa mkono wa pongezi akasema sasa Injinia ni mimi, nikamwambia asiniletee balaa. Baba mdogo akafika saa sita na nusu kasoro kidogo, amekunja uso, hajauliza lolote. Mara kompyuta zote tano zikazima kwa pamoja. Akapiga kofi la ushindi. "Si unaona? Zimekufa! Kesho fundi anakuja."

Nikamwambia, "Hazijafa, baba mdogo. Fomu zimekwenda zote, muulize katibu. Huyo ni Athumani anakuita msikitini."

Alisimama, kaka. Alitazama namba moja, ambayo haikuwa na khanga. Akachukua kofia yake mfukoni, akaivaa, akatoka. Fundi hakumtaja tena.

Sasa naandika, nikisubiri watoke swala. Miwani yako Mama ameichukua, ataigawa siku ya arobaini kwa anayestahili. Faili sitaligawa. Nakuahidi sitafuta mstari wako hata mmoja kabla sijaisoma sababu yake, na nitakachobadilisha nitakiandikia sababu, ili Shadia akija kunikasirikia ajue kwa nini. Ile ya michezo nimeiacha imezimwa. Usicheke.

Chini ya maneno yako nimeongeza yangu. Kompyuta haitayasoma, yasome wewe: "Namba tatu: washa. Mama Shadia ameshaambiwa. Lala, kaka."

Mdogo wako,
Mama Shadia