Mshiriki wa Tatu Alichelewa Kugonga

Jumanne, 5 Machi

Mkono wa kushoto. Kila herufi inalewa kivyake. Sentensi zitakuwa fupi.

Jana jioni, mazoezi ya jiu-jitsu, mieleka ya kubana viungo. Simenti, mwenzangu wa mazoezi, alinifunga kiwiko cha kulia. Niligonga. Ndiyo ishara ya kuomba kuachiwa. Hakuachia. Niligonga tena. Kiwiko kikalia kama karoti ikivunjwa. Ndipo akaachia.

Daktari: mfupa mzima, kano imechanika. Mkono usivutwe. Akauliza umri wangu. Nikamwambia. Akauliza tena!

Binti alikuwepo. Aliona yote. Alikuwa anaandika.

Alhamisi, 7 Machi

Mhariri amenipa kazi ya mkono mmoja: kupokea simu za watu wanaodai gazeti limewanukuu vibaya. Hakucheka aliponipa. Nilicheka mimi.

Wote wana wimbo mmoja — sikusema hivyo, sivyo ilivyokuwa. Mwenye duka mmoja alilia. Nikamwambia tutaliangalia. Hatutaliangalia.

Jumapili, 10 Machi

Mkono wa kushoto unaanza kutii. Niweke mambo sawa.

Binti ni mtoto wa kaka yangu. Mwaka wake wa mwisho chuoni. Utafiti wake: watu wazima wanavyojifunza jiu-jitsu. Alihitaji washiriki waliovuka hamsini, akakosa. Akaja kwangu na keki. Shangazi, wewe huogopi kitu! Keki ilikuwa mbichi katikati. Nikakubali hivyo hivyo.

Tuko watatu. Mshiriki wa Kwanza, muuguzi mstaafu. Wa Pili, fundi cherehani. Wa Tatu, mimi. Majina hatuna, ndiyo kanuni. Kila kipindi Binti hukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya rafu ya viatu na kuandika. Ukumbi ulikuwa ghala la matairi. Ukilala chali kwenye mkeka bado unanusa mpira.

Mwalimu ni mfupi, masikio yamevimba na kukunjana kwa kusuguliwa miaka mingi. Siku ya kwanza hakutufundisha kumshinda mtu. Alitufundisha kushindwa. Ukibanwa, gonga. Gonga mwili wa mwenzako, usigonge mkeka: muziki una kelele, mkeka hausikiki, lakini mwili husikia. Na aliyegongwa anaachia hapo hapo. Hamalizii. Hapimi. Anaachia. Bila hilo, alisema, hapa si darasa, ni bucha.

Sikutarajia kuupenda mchezo huu. Niliupenda. Sijui mahali pengine ambapo ukisema basi, mtu mwenye nguvu kukuzidi anaacha.

Jumamosi, 16 Machi

Nilifuata begi langu ukumbini. Simenti alikuwa anafagia mkeka. Anauza vifaa vya ujenzi, lakini jina hakupewa kwa sababu hiyo. Amepewa kwa sababu akikulalia unakaukia chini yake.

Tuliongea. Nayaandika kama yalivyotoka.

— Bi Habari! Mkono vipi?

— Upo.

— Pole sana, mama. Mimi nilijua utachomoka. Si wewe ni mgumu, bwana!

— Niligonga.

Akaangalia mlango. Hakukuwa na mtu.

— Pigo la kwanza nililisikia, akasema. Nikasema moyoni, huyu mama hajawahi kugonga upesi, ngoja la pili.

— Na la pili?

— La pili lilikuja pamoja na kiwiko.

Akacheka. Akaona sicheki. Akashika ufagio tena. Mwezi wa tano ana mtihani wa mkanda wa kahawia, na Mwalimu hampandishi mtu asiyeachia. Tusilikuze, mama, akasema.

Sikulikuza. Sikwenda kwa Mwalimu. Kwa nini nishtaki? Nina shahidi aliyekaa hatua chache kutoka pale, kalamu mkononi.

Ijumaa, 22 Machi

Rasimu ya Binti imefika. Nimeisoma mezani jikoni, chai ikapoa.

Sura ya nne: “Mshiriki wa Tatu alichelewa kugonga. Licha ya maumivu, hakutoa ishara hadi kiungo kilipoumia. Tukio hili linaonyesha jinsi mtu mzima mwenye hadhi katika kazi yake anavyoshindwa kujifunza somo la msingi la mchezo, yaani kukubali kushindwa kwa wakati.”

Nikaisoma tena, nikidhani nimeruka mstari. Sikuruka.

Imeandikwa vizuri. Hilo ndilo linalouma. Hakuna neno la ziada. Mimi ndiye niliyemfundisha, akiwa na sare za shule, kwenye meza hii hii. Andika ulichokiona, usiandike ulichokifikiri.

Nikamwita. Akaja baada ya vipindi, akavua viatu mlangoni, akabusu shavu langu, akaona karatasi. Akakaa.

Nikamuuliza: uliona mkono wangu wa kushoto?

— Sikuona ukigonga, shangazi.

— Sikuulizi hilo. Mkono wenyewe uliuona?

Akasema ukweli, nimpe haki yake. Hakuuona. Kutoka rafu ya viatu alikuwa anaona mgongo wa Simenti na paja lake. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa upande wa pili wa paja. Pale nilikogonga.

— Ila sikusikia kitu, akasema.

— Tumefundishwa kugonga mwili. Mwili hautoi mlio. Wewe mwenyewe umeliandika hilo, sura ya pili.

Akageuza karatasi kana kwamba jibu liko nyuma. Ndipo likatoka: alimuuliza Simenti. Simenti akasema nilichelewa.

Chanzo kimoja! Na chanzo chenyewe ndiye aliyeniumiza.

— Na mimi hukuniuliza kwa nini?

— Wewe ni mshiriki. Nikikuuliza hivyo nitakuwa nakutia maneno mdomoni.

— Na Simenti je?

— Yeye si mshiriki. Yeye ni… mzoefu.

Nikamweleza maneno ya Simenti, moja baada ya jingine. Alisikiliza. Hakushangaa vya kutosha. Amekwambia mkiwa wawili, akasema, nikimuuliza atakana. Atakana, ndiyo, nikasema. Watu hukana. Ndiyo maana tunaangalia.

Akavuta pumzi. Kisha akanipa ya kwangu mwenyewe, kwa upole, kama mtu anayerudisha sahani:

— Shangazi, ulinifundisha kwamba anayelalamika sana ujue umempata.

Nilisema hivyo. Nilisema kwenye meza hii.

Msimamizi wake amezungushia aya ile kalamu nyekundu. Amesema hapo ndipo utafiti mzima unapopumua. Bila aya ile kuna nini? Wazee watatu wanaojifunza kuanguka. Nimewajua waandishi wanaoondoka ofisini na habari tayari kichwani, wakienda tu kuitafutia mtu wa kuisema. Hawa hawadanganyi. Wanachagua tu pa kuweka kiti.

Alipoondoka aliosha vikombe vyote viwili.

Jumapili, 24 Machi

Kaka amepiga simu. Salamu ndefu. Nikajua.

— Dada, mtoto amebakiza hatua moja. Unachotaka ni nini hasa? Sentensi?

— Ndiyo. Sentensi.

— Sentensi moja!

— Na kiwiko ni kimoja.

— Unavyo viwili!

Akacheka peke yake. Kisha akabadilika. Akasema nimewaandika watu tangu yeye hajaoa, wengine wakaja mpaka kwake kumlilia, na kila mara nilisema ukweli hauna ndugu. Leo umepata shangazi? Mkuki kwa nguruwe, dada. Malizia mwenyewe.

Sikumalizia. Nikamwambia watu niliowaandika niliwauliza kwanza. Akasema hayo ni maneno ya ofisini. Akasema mwache Binti apumue.

Shati la leo nimelifunga vifungo kwa meno.

Alhamisi, 28 Machi

Fundi cherehani amenipigia, anafoka. Mwalimu ametangaza: waliozidi hamsini hawapambani tena. Watafanya mazoezi ya viungo na kuanguka tu, pembeni, mpaka hapo itakapoamuliwa. Amesema utafiti umeonyesha wazee hawagongi.

Utafiti umeonyesha! Rasimu haijapigwa hata muhuri.

— Mimi nagonga mpaka naaibika! anasema fundi. Nagonga mtu akinikoholea! Nani amesema hatugongi?

Nikamwambia anayesemwa ni mimi. Mshiriki wa Tatu.

— Wewe ulichelewa?

— Hapana.

— Basi si uwaambie!

Baada ya simu yake nikapokea nyingine tatu za kazini. Sikusema hivyo. Sivyo ilivyokuwa. Uliza yeyote aliyekuwepo. Leo niliwauliza maswali. Mmoja alikata simu kwa kushtuka.

Yule mwenye duka — nimetafuta namba yake. Haipatikani.

Jumatano, 3 Aprili

Nimekwenda kwa Mwalimu. Alikuwa anashona koti lililochanika kwapani. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuinua sindano. Kisha: Simenti yuko hapa tangu paa likiwa halina mabati. Na wewe ni mgumu, mama, usikatae, mimi mwenyewe nimekubana ukanitazama tu. Na msichana wako ameandika.

Msichana wangu.

Nikamuuliza yeye aliona nini. Alikuwa ameinama anabadilisha wimbo.

Kwa hiyo tulikuwa watu wanne chumbani wakati kiwiko kinakwenda; washiriki wenzangu wawili hawakuja siku ile. Mmoja alikuwa na muziki, mmoja alikuwa na rafu, mmoja alihisi mguuni. Na mimi, ambaye sihesabiwi.

Jumamosi, 13 Aprili

Mkono wa kulia tena. Unachoka haraka, lakini herufi zimepata fahamu.

Binti amekuja na maembe na ombi. Jopo la chuo wanataka kusikiliza matokeo ukumbini kwenyewe, wameketi kando ya mkeka. Msimamizi anataka waonyeshwe tukio. Taratibu, bila nguvu. Mimi na Simenti.

— Yaani unataka nichelewe mbele ya watu, nikasema.

— Shangazi…

— Nitakuja.

Alishtuka. Alikuwa amekuja na hoja zake zote, sasa hana pa kuzipeleka.

Nikatoa sharti. Jopo wakae penye rafu ya viatu. Na wewe ukae ulipokaa siku ile. Muziki uwashwe. Nitagonga mara tu Simenti akikaza, palepale nilipogonga. Kisha uwaulize wote, na wewe ujiulize: mmeona? Mkisema hamkuona, utabadilisha sentensi: “mtafiti hakuweza kuona.” Maneno matatu. Siombi uandike kwamba niligonga. Andika tu kwamba hukuona.

Alikuwa anamenya embe. Alimenya mpaka likawa dogo.

— Sura yote itaanguka, akasema.

— Umefundishwa kuanguka. Umekaa pale miezi.

Hakucheka. Lakini alikubali. Sawa, shangazi, nitakaa pale pale. Akanifunga bendeji upya, vizuri kuliko muuguzi. Alipofika kwenye pini akauliza, bila kuinua macho: uligonga mguu wake upi?

— Uliokuwa kifuani kwangu. Chini ya goti.

Akabana pini. Hakuandika.

Jumamosi, 27 Aprili

Ukumbini. Niko kwenye benchi, koti la mazoezi mwilini, daftari pajani. Nimewahi. Waliobaki wanakuja na miavuli.

Daktari bado anasema usivutwe. Nimemwambia Simenti. Amesema ameelewa. Amenyoa. Mtihani wake ni wiki mbili zijazo.

Fundi cherehani na muuguzi mstaafu wapo pembeni ya mkeka, wamevaa kamili, hawaruhusiwi kukanyaga. Fundi amenipungia kwa mikono yote miwili.

Mwalimu alizima muziki kwa heshima ya wageni. Nimemwomba auwashe. Siku ile ulikuwepo. Ameuwasha, chini kidogo. Nimeomba juu. Mmoja wa jopo amekunja uso.

Jopo ni watatu. Wamevua viatu, wamevipanga kwenye rafu, wameketi kando yake kama tulivyokubaliana. Msimamizi ana soksi moja iliyotoboka, anaificha chini ya nyingine. Kiti cha nne, cha plastiki, mwisho wa safu: cha Binti.

Ameongea vizuri. Sauti haikutetemeka. Kuanguka, kujilegeza, kugonga — akaeleza yote. Alipofika sura ya nne akasema: tukio hili tutalitazama pamoja. Hakusema nilichelewa. Hakusema sikuchelewa.

Simenti amekuja kukaa karibu nami, benchi likalalama.

— Leo utagonga wapi, mama?

— Palepale.

— Basi nitaachia.

— Na siku ile?

Akafungua mkanda wake, akaufunga upya.

Sasa Binti ameinuka. Nilidhani anakwenda kiti chake. Amekishika mgongo, amekinyanyua, anazunguka nacho mkeka kwa nje, kwa soksi, polepole, miguu ya kiti ikigonga magoti yake. Amepita mbele ya Mwalimu. Amepita nyuma ya fundi cherehani. Amekiweka upande wa pili. Upande wa kushoto kwangu.

Hatukukubaliana hivyo.

Kutoka pale ataona mkono wangu wote, mpaka kucha. Wale watatu penye viatu wataona paja la Simenti. Nikigonga, tutakaojua ni mimi, Simenti na yeye. Mimi ni mshiriki. Simenti ana mtihani. Na jopo watamgeukia yeye wamuulize.

Nimemtazama. Amekitazama kiganja changu cha kushoto, si uso.

Kalamu yake ameiweka sakafuni, chini ya kiti.

Mwalimu ananiita. Simenti ameshalala tayari kwenye mkeka, mkono ameunyoosha, anasubiri wangu —